Mbwa Mzee, Viungo Vinavyouma na Tiba ya Leza

Nataka tuzungumze habari za mnyama unayeishi naye nyumbani, mbwa au paka, ambaye umri umekwenda. Zamani ukifungua geti alikuwa wa kwanza kufika. Siku hizi anakuangalia kutoka pale alipolala, anatikisa mkia, na akiamua kusimama anatanguliza miguu ya mbele, ya nyuma inafuata kwa shida. Wengi wetu tukimwona hivyo husema, "Huyu kazeeka," na habari inaishia hapo. Mimi naona isiishie hapo. Mnyama huyo mara nyingi ana maumivu ya viungo, na maumivu ya viungo yana matibabu.

Miongoni mwa matibabu yanayotajwa sana miaka hii ni leza. Kule Marekani, Kanada na Uingereza mashine ya leza imekuwa kifaa cha kawaida katika kliniki za wanyama, na ndugu zetu wanaofuga huko wanaijua: unaambiwa ulete mbwa mara kadhaa, anamulikwa nyonga, unalipa. Habari zimeshafika na huku kwetu, na maswali yamekuja pamoja nazo. Je, mwanga unaweza kweli kutuliza maumivu ya mfupa? Au ni biashara ya kuwauzia taa watu wanaopenda wanyama wao?

Jibu langu nalitoa mapema ili tusizungushane. Leza ni tiba ya kweli, lakini ni tiba saidizi. Haisimami peke yake, na haipaswi kuwa ya kwanza katika foleni. Sasa nipe nafasi nikueleze kwa nini nasema hivyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ncha ya kila mfupa inapokutana na mfupa mwenzake imefunikwa na gegedu, ule utando mweupe unaoteleza, ambao bila shaka umeuona kwenye goti la mbuzi ndani ya bakuli la supu. Kati ya gegedu moja na nyingine kuna ute unaolainisha. Fundi wa gari atanielewa upesi nikisema gegedu ni bushi ya kiungo: ikishalika, chuma kinasaga chuma. Kiungo kinavimba, ute unapoteza uzito wake, na mwili katika kujitetea unaotesha vijiba vya mfupa pembeni, navyo vinazidi kubana mwendo. Mnyama akianza kuukwepa mguu unaouma, misuli ya mguu huo inanywea. Shika mapaja ya mbwa mzee anayechechemea, moja baada ya jingine, na mara nyingi utahisi kwamba moja limekonda kuliko mwenzake. Hiyo ndiyo yabisi ya viungo. Gegedu iliyolika hairudi kama ilivyokuwa. Kazi ya daktari ni kupunguza uvimbe, kuzima maumivu, na kuhakikisha mnyama anaendelea kutembea.

Kwa mbwa, shida hukaa zaidi kwenye nyonga, viwiko na magoti. Mbwa wa aina ya German Shepherd, ambao wametapakaa kwenye nyumba zetu na kampuni za ulinzi, wengine hurithi kasoro inayoifanya nyonga isikae sawasawa katika tundu lake, na kasoro hiyo huanza kukila kiungo mapema, miaka mingi kabla mwenye mbwa hajaona kitu. Labrador na Rottweiler nao wamo katika kundi hilo.

Kwa paka, hali ni ya kushangaza zaidi. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya picha za eksirei za paka 100 waliozidi umri wa miaka 12. Paka 90 walikuwa na dalili za kuchakaa kwa viungo. Tisini katika mia, msikilizaji. Na paka hachechemei kama mbwa. Paka ni mfichaji. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua, na paka ndiye bingwa wa kuficha maradhi. Dalili zake ni za chinichini. Haruki tena juu ya dirisha kwa mruko mmoja, anapanda kwanza kwenye kiti, ndipo adandie dirisha. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia yanashikamana, kwa kuwa hawezi tena kujipinda akajilamba. Kucha zinarefuka hata zinanasa kwenye zulia. Anaanza kuchafua pembeni ya sanduku lake la mchanga, kumbe ukingo wa sanduku umekuwa mrefu kwake. Mwenye nyumba anasema paka kawa mchafu, anamfukuza. Kumbe ni mgonjwa.

Sasa leza inaingiaje hapa? Leza ya kwanza duniani iliwashwa na mwanafizikia Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960, kwa kutumia kipande cha yakuti. Miaka michache baadaye, daktari wa upasuaji wa Budapest, Hungaria, aitwaye Endre Mester, alikuwa akijaribu kuua uvimbe wa saratani kwa leza, akifuatisha jaribio lililofanyika Boston. Mashine yake ilikuwa dhaifu mno kuliko ile ya Boston, hivyo uvimbe haukufa. Lakini panya aliowanyoa mgongoni ili awamulike waliota manyoya upesi kuliko wenzao wasiomulikwa. Ilikuwa mwaka 1967. Mester hakulipuuza jambo hilo. Aliendelea kuuchunguza mwanga huo hafifu kwenye vidonda visivyopona, na kutoka hapo tawi zima la tiba likazaliwa.

Tofautisha basi leza hii na leza ya upasuaji. Ile ya upasuaji inakata na kuchoma. Hii ya tiba haikati wala haichomi ikitumiwa ipasavyo. Ni mwanga mwekundu, au mwanga ulio jirani na mwekundu ambao jicho letu halioni, wenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 600 na 1,000 hivi. Eneo hilo limechaguliwa kwa sababu mwanga wa aina hiyo hupenya mwilini kuliko mwanga mwingine: damu na rangi ya ngozi hazimezi sehemu kubwa yake, hivyo kiasi fulani kinafika kwenye misuli na kiungo. Ukifika ndani, unapokewa na kimeng'enya kilichomo katika mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Seli inapata nishati zaidi ya kujikarabati, mishipa midogo ya damu inatanuka, na kemikali zinazochochea uvimbe zinapungua. Hakuna muujiza hapo. Ni kemia ya mwili ikisukumwa na mwanga.

Lakini kemia hiyo inahitaji kipimo, na kipimo ndicho kinachotenganisha tiba na mchezo. Mwanga ukiwa mdogo mno, kiungo hakipati kitu. Ukizidi mno, unazuia badala ya kusaidia. Kwa kiungo cha mbwa, madaktari wengi hulenga jouli 8 hadi 10 hivi kwa kila sentimita ya mraba, wengine huenda juu ya hapo. Tupige hesabu pamoja. Nyonga ya mbwa mkubwa, ukiizunguka pande zake zote, ni kama sentimita za mraba 100. Ukitaka jouli 10 kwa kila sentimita, jumla unahitaji jouli 1,000. Wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde. Mashine ya nusu wati itachukua sekunde 2,000, yaani dakika zaidi ya 33 kwa nyonga moja. Mashine ya wati 10 ingemaliza kwa chini ya dakika 2, ila hiyo ina joto na lazima kichwa chake kisogezwe bila kusimama. Sasa chukua kile kikalamu cha leza kinachouzwa barabarani, ambacho watoto humchezea paka ukutani. Nguvu yake ikiwa miliwati 5, ungehitaji kumshikilia mbwa wako kwa zaidi ya saa 55 ili upate kipimo hichohicho. Kwa hiyo mtu akikuuzia kitaa kidogo mtandaoni na kukuahidi kwamba mbwa atakimbia kesho, mwulize kina wati ngapi. Akishindwa kukujibu, hifadhi pesa zako. Na kikalamu kile usimmulike nacho mnyama wala mtoto machoni, kwa maana kinaweza kuliumiza jicho.

Jambo jingine ni manyoya. Manyoya hunyonya na kutawanya sehemu kubwa ya mwanga kabla haujaigusa ngozi. Ndiyo maana tabibu makini huyatenganisha kwa vidole, au hukibana kichwa cha mashine kwenye ngozi, au hunyoa kidogo. Mbwa mweusi ana hatari ya kupata joto zaidi, kwa hiyo kwake mashine hupunguzwa nguvu na muda ukaongezwa.

Hebu tuingie kwenye chumba cha tiba tuone. Mbwa analazwa ubavu kwenye godoro jembamba sakafuni. Mwenye mbwa anakaa karibu na kichwa chake. Daktari kabla ya kuwasha chochote anapapasa nyonga, mgongo na paja kwa ncha za vidole, akitafuta mahali ambapo mbwa atageuza kichwa au atashusha pumzi ghafla. Halafu anagawa miwani ya rangi, kila aliyemo chumbani anavaa, na mbwa naye anavalishwa miwani yake au anafunikwa macho kwa kitambaa. "Mzee, miwani usiivue mpaka nizime," daktari anamwambia mwenye mbwa. "Na umshike asigeuke huku." Kichwa cha mashine kinapita polepole juu ya kiungo, mbele, ubavuni, nyuma, kisha kinapanda kwenye misuli ya mgongo ambayo imekuwa ikibeba mzigo wa mguu mgonjwa. Mguu unakunjwa na kunyooshwa taratibu ili mwanga upate njia ya kuingia kati ya mifupa. Mbwa wengi hutulia, wengine husinzia. Kila kiungo kinachukua dakika chache. Mwanzoni tiba huwa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kisha inapunguzwa hadi mara moja kwa wiki, na baadaye mara moja moja kulingana na hali. Ukiiacha kabisa, maumivu kwa kawaida hurudi, kwa kuwa ugonjwa wenyewe haujaondoka.

Je, kuna ushahidi? Upo. Mwaka 2018 jarida la madaktari wa wanyama la Kanada lilichapisha jaribio la mbwa 20 wenye yabisi ya kiwiko. Mbwa 11 walipata leza, na 9 walipata tiba ya bandia, yaani utaratibu uleule bila mwanga wenyewe. Ilipotimia wiki ya 6, mbwa 9 kati ya wale 11 waliweza kupunguziwa dawa za maumivu walizokuwa wakitumia. Katika kundi la pili hakupatikana hata mmoja. Hayo ni matokeo mazito, hasa kwa mbwa mzee ambaye figo au ini lake halivumilii dawa nyingi.

Hata hivyo lazima niseme na upande wa pili. Mbwa 20 ni wachache. Mashine zinatofautiana, vipimo vinatofautiana, na majaribio ya leza kwa mbwa waliofanyiwa upasuaji wa goti yametoa majibu yanayopingana. Ushahidi unatosha kumruhusu daktari aitumie leza kwa dhamiri safi. Hautoshi kumruhusu aitangaze kama mkombozi.

Tena kuna mtego ambao kila mpenda mnyama anapaswa kuujua. Mbwa hawezi kutuambia, "Leo naona nafuu." Tunamsemea sisi, na sisi tunatamani apone. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Marekani walichapisha kazi kuhusu mbwa 58 wenye yabisi ya viungo ambao walikuwa wakipewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Mbwa hao walipitishwa pia juu ya kibao maalumu kinachopima uzito ambao kila mguu unakanyaga. Zaidi ya nusu ya wakati, wenye mbwa waliona nafuu ambayo kibao hakikuiona. Nao madaktari wenyewe, kwa macho yao yaliyozoea, waliangukia mtego huohuo karibu mara 4 katika kila 10. Hawakuwa waongo. Walikuwa watu wenye huruma.

Ndiyo maana nakushauri utumie simu yako. Kabla ya tiba ya kwanza, iwe leza au dawa, mpige mbwa wako video asubuhi anapoamka, ukiwa ubavuni mwake, sakafu ileile, ngazi ileile. Chagua mambo matatu anayoyafanya kila siku: kusimama, kupanda kizingiti, kutembea mpaka getini. Baada ya wiki 4 piga video nyingine ya mambo yaleyale, na mpe mtu asiyejua ipi ni ya mwanzo na ipi ni ya mwisho aziangalie. Kama haoni tofauti, mwambie daktari bila kuona haya, na mpange njia nyingine. Pesa yako ina kazi, na mnyama wako hana muda wa kupoteza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niseme leza isitangulie. Si kila kuchechemea ni yabisi. Mbwa mkubwa aliyezeeka anayechechemea mguu mmoja anaweza kuwa na saratani ya mfupa, na saratani hiyo hupenda kukaa karibu na goti, begani, au chini kwenye kifundo cha mguu wa mbele. Kwa macho huwezi kuitofautisha na yabisi. Na leza haitakiwi kabisa kumulikwa juu ya uvimbe wa saratani, kwa sababu seli zile nazo zinaweza kuchochewa. Kwa hiyo picha ya eksirei ni lazima itangulie. Vilevile haimulikwi kwenye macho, wala kwenye tumbo la mnyama mwenye mimba, wala kwenye mifupa ya mtoto wa mbwa ambayo bado inakua.

Na kwetu huku Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ambayo vitabu vya Ulaya havitilii mkazo: kupe. Yule kupe wa kahawia anayejificha kwenye nyufa za banda na ukuta hueneza ugonjwa wa erlikia, na mbwa mwenye ugonjwa huo anaweza kuvimba viungo, akachechemea leo mguu huu na kesho ule, akawa na homa na ufizi uliopauka. Huyu anahitaji kipimo cha damu na antibiotiki. Ukimpeleka kwenye mwanga mara 10 utakuwa umemulika mguu huku damu yake inaharibika.

Kuna na hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo imo ndani ya kabati letu. Mtu akimwona mnyama wake anaumia, anampa alichonacho: Panadol, diklofenaki, ibuprofeni. Naomba unisikilize vizuri hapa. Paka hana uwezo wa kuivunja parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, mwilini mwake kama binadamu. Kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Ufizi unageuka rangi ya udongo, uso unavimba, pumzi inakatika, damu haiwezi tena kubeba hewa. Mbwa akipewa ibuprofeni au diklofenaki anaweza kupata vidonda vya tumbo, akatapika damu, na figo zake zikafa. Mwenye mnyama alitaka kusaidia, akaua. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama meloksikamu na kaprofeni, zenye dozi inayopimwa kwa kilo za mwili wake, na mnyama mzee hupimwa damu kwanza ili daktari ajue figo na ini viko vipi. Katika nchi kadhaa imekuja pia sindano ya mara moja kwa mwezi, ya mbwa na ya paka, inayozuia ujumbe wa maumivu kwenye neva. Daktari ndiye achague. Wewe na mimi tusichague kwenye duka la dawa la mtaani.

Tiba nyingine haina gharama yoyote, nayo ni mzani. Kuanzia mwaka 1987 kampuni ya Purina ya Marekani iliwafuatilia Labrador 48 tangu utoto hadi kufa, wakiwa wawili wawili. Mmoja katika kila jozi alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake. Wale waliopewa pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na yabisi ya viungo iliwachelewa sana. Hakuna mashine iliyowahi kuonyesha matokeo ya namna hiyo. Kwa mbwa ambaye tayari anachechemea, kupunguza hata asilimia 6 ya uzito wake kumeonekana kuleta nafuu ya wazi katika mwendo. Mbwa wetu wengi wa ulinzi wanashinda wamefungwa mnyororo na wanajazwa ugali na mafuta jioni. Pitisha vidole kwenye mbavu zake. Ukilazimika kukandamiza ndipo uzihisi, amenenepa.

Halafu angalia anapolala. Sakafu ya saruji, Nairobi mwezi Julai au Arusha alfajiri, ni adhabu kwa kiungo kilichovimba. Godoro kuukuu, magunia makavu yaliyokunjwa mara kadhaa, ubao ulioinuliwa kidogo kutoka chini, vyote vinasaidia. Kama ndani kuna vigae vinavyoteleza, tandika zulia au mkeka kwenye njia anayopita. Mtembeze kila siku kwa muda mfupi, taratibu, bila kumkimbiza, kwa kuwa kiungo kinachokaa bila kazi hukakamaa. Paka mwekee kiti au kisanduku cha kukanyagia chini ya dirisha alipendalo, na sanduku la mchanga lenye ukingo mfupi. Hakuna lolote katika hayo linalohitaji umeme.

Baada ya hayo yote ndipo leza inapopata nafasi yake, na nafasi hiyo ni ya heshima. Inamfaa mbwa ambaye dawa zinamchafua tumbo. Inamfaa paka mwenye figo dhaifu. Inamfaa mnyama ambaye dawa, uzito na mazoezi vimemsaidia nusu ya safari na bado kuna maumivu yaliyobaki. Ukiipata katika kliniki unayokwenda, au ukiwa ughaibuni na umependekezewa, uliza maswali haya. La kwanza, umehakikishaje kwamba hii ni yabisi na si saratani? La pili, mashine hii ina nguvu gani, na kiungo cha mnyama wangu kitapata jouli ngapi? La tatu, manyoya yake na rangi ya ngozi yake umevizingatia vipi? La nne, tutapimaje kama inafanya kazi, na tutaacha lini kama haifanyi? Daktari anayeijua kazi yake atayafurahia maswali hayo. Anayekasirika, mwache.

Najua, msikilizaji, yupo anayesema moyoni: watu wanakosa pesa za matibabu yao, wewe unatuletea habari za mbwa kumulikwa. Ninalielewa neno hilo na silidharau. Lakini nami nina neno. Yule mbwa alilinda nyumba hiyo usiku kucha kwa miaka, mvua ikinyesha, wewe ukiwa umelala. Alilipwa makombo, na hakudai. Akiisha nguvu tunamtupa jalalani, tunamwekea sumu, au tunamwacha aburute miguu mpaka afe mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Zote zinamtaka mwenye mnyama asimwache ateseke bila sababu. Na kabla ya sheria za serikali, dini zetu na malezi yetu vilishatufundisha kwamba kiumbe uliyemfunga kwako ni amana. Kumtunza mnyama mzee hakuhitaji utajiri. Sehemu kubwa ya niliyoyasema leo ni mzani, godoro, matembezi na kumwona daktari kwa wakati.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja wiki hii. Kama una mbwa au paka aliyepita miaka 7 au 8, mpeleke kwa daktari wa wanyama aliyesajiliwa, hata kama hachechemei, mwambie amkague viungo. Mpunguze uzito kama amezidi. Mtandikie mahali pakavu pa kulala. Usimpe kidonge chochote cha binadamu. Na leza ikipatikana, ikubali baada ya uchunguzi, pamoja na tiba nyingine, kwa kipimo kinachojulikana na kwa matokeo unayoyaona kwenye video. Ikiwa haipatikani ulipo, usikate tamaa wala usijilaumu: yaliyo ya lazima zaidi yako ndani ya uwezo wako, na yanaweza kuanza leo.